Jumba la madiwani lililogeuka nyumba ya sanaa: uchambuzi wa kisa cha Battersea

Mwaka 1893 halmashauri ya Battersea, kusini mwa London, ilifungua jumba lake jipya kwenye barabara ya Lavender Hill. Michoro ilikuwa ya Edward Mountford, msanifu ambaye baadaye alichora Old Bailey, mahakama kubwa ya jinai ya jiji hilo. Mwaka 1965 mipaka ya utawala wa London ilipangwa upya, Battersea ikaunganishwa na Wandsworth, na ofisi zikahamia huko. Jumba likabaki bila kazi, na wapo waliotaka libomolewe. Wakazi walipinga. Mwaka 1974 lilifunguliwa kama kituo cha sanaa cha jamii, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikawa chombo kinachojitegemea. Ndicho kiitwacho leo Battersea Arts Centre.

Majengo ya umma yaliyoachwa yana shida zinazofanana popote: ni imara, yako katikati ya watu, na hakuna idara inayotaka kulipia paa lake. Cha pekee katika kisa hiki ni kwamba matumizi yalitangulia ukarabati mkubwa kwa zaidi ya miaka 30. Watu walilitumia jengo kama lilivyokuwa, wakalijua kona kwa kona, ndipo wakaja wasanifu. Tunaamini huo ndio mpangilio unaofaa. Hapa tunafuata hatua za Battersea na kuongeza vipimo ambavyo kikundi chochote chenye jumba kama hili kitavihitaji.

Jengo lilikuja na nini

Jumba lina sehemu mbili. Upande wa barabara ni utawala: ukumbi wa kuingilia wenye sakafu ya vijiwe vya rangi vilivyopangwa kwa picha za nyuki, ngazi za marumaru, chumba cha madiwani, vyumba vya kamati na ofisi. Hapa ndipo alipofanyia kazi John Archer, aliyechaguliwa meya wa Battersea mwaka 1913, mmoja wa mameya Weusi wa kwanza Uingereza. Nyuma ziko kumbi za mikutano ya hadhara, na kubwa kuliko zote inaitwa Grand Hall.

Mgawanyo huo ulikuwa nusu ya kazi ya usanifu iliyokwisha kufanywa. Chumba cha madiwani kilikuwa tayari mahali pa watu kukaa na kumsikiliza msemaji, kwa hiyo kikawa ukumbi wa maonyesho. Vyumba vingine vikawa vya mazoezi na ofisi, na vingine vikageuzwa vyumba vya kulala wasanii wanaotoka mbali. Mtu mwenye jumba la aina hii afanye zoezi hilo kabla ya kuchora chochote: aandike kila chumba kilikuwa cha nini, kilibeba watu wangapi, na waliingilia wapi. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya umati kina sakafu, milango na urefu wa dari unaokifaa umati. Ofisi ya karani haina, hata ukivunja ukuta wa kati na kuifanya pana.

Sakafu ndiyo inayodanganya zaidi. Sakafu ya ofisi kwa kawaida hukadiriwa kubeba takriban kilo 250 kwa mita ya mraba. Watu waliosimama au wanaocheza ngoma wanahitaji kilo 500, na jukwaa kilo 750. Darasa la dansi kwenye ofisi ya ghorofa ya pili ni hatari hata kama mbao hazilii, kwa sababu miguu inayotua pamoja husukuma sakafu kwa mapigo, na boriti iliyovumilia kabati za mafaili miaka 80 haijawahi kupigwa hivyo. Dansi ishushwe ghorofa ya chini. Uchoraji na ushonaji upelekwe juu.

Majumba haya pia yana upungufu wake. Hayana mlango wa kupakulia mizigo, yana vyoo vichache, na hayana stoo. La stoo watu hulidharau sana. Viti 300 vikipangwa kwa minara ya viti 10 ni minara 30, na isipotengewa chumba itahamia korido, ambako itafunga njia ya kutokea. Tutalirudia hili kwenye hesabu ya milango, maana ndipo linapouma.

Paa, chokaa na asbesto kabla ya rangi

Majumba mengi ya karne ya 19 yana mifereji ya paa iliyofichwa nyuma ya ukuta wa ukingo, na mabomba ya maji ya mvua yanayoshukia ndani ya kuta. Asipokuwepo mtu wa kupanda kuzibua, majani ya msimu mmoja yanatosha. Maji hufurika kwa ndani na kulowesha ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo macho hayafiki. Mbao ikipita unyevu wa asilimia 20 kuvu wa kuozesha hupata makazi. Kwa hiyo kifaa cha kupimia unyevu kipelekwe kwenye ncha za boriti, moja baada ya nyingine. Ripoti inayotaja kipimo kimoja cha katikati ya chumba haifai kulipiwa.

Kosa jingine lipo ukutani, nalo huonekana kwa macho ukisogea karibu. Matofali ya zamani yalijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali, na unyevu wa ukuta hutoka nje kupitia viungo, yaani mistari ya chokaa kati ya matofali. Fundi akija akaziba viungo kwa saruji, unyevu hukosa njia na kutokea kwenye uso wa tofali lenyewe. Ukiganda kwa baridi, au chumvi yake ikikauka na kujenga fuwele, uso wa tofali hubanduka. Baada ya miaka kadhaa unaona saruji imebaki imejitokeza kama fremu, na ndani ya kila fremu tofali limeliwa kama biskuti. Ukikuta fremu hizo, usiongeze saruji. Kiungo kichimbuliwe kwa patasi na nyundo, maana mashine ya kukata huchana kingo za tofali. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Kiloweshwe, kisha kijazwe chokaa inayogandia majini ya daraja la 3.5 na mchanga mkali, sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 2.5 hadi 3 za mchanga, kifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chini ya nyuzi joto 5 kazi isimame.

Kuhusu asbesto, nyuzi za madini zilizotumika kuzuia joto na ambazo vumbi lake hudhuru mapafu: Uingereza ilipiga marufuku aina zote mwaka 1999, kwa hiyo jengo lolote lililosimama kabla ya hapo hukadiriwa kuwa nayo hadi ithibitike vinginevyo. Umri wa jumba hausaidii. Lililojengwa 1893 linaweza kuwa na asbesto iliyoletwa na ukarabati wowote wa karne iliyofuata: kwenye sufi inayofunika mabomba ya chumba cha bwela, kwenye vibao vya kuzuia joto nyuma ya vipasha joto, kwenye vigae vya sakafu na gundi yao nyeusi. Upimaji uko wa namna mbili. Mmoja ni mwepesi, wa jengo linalotumika, na mpimaji hagusi ndani ya kuta. Mwingine ni wa kubomoa na kufungua, unaofanywa kabla ya kazi kuanza. Kikundi chenye bajeti ndogo huchukua ripoti ya kwanza na kuanza kuvunja dari kwa kuitegemea. Vumbi likishasambaa kwenye korido, gharama ya kusafisha huweza kumaliza fedha zote za kazi iliyokusudiwa.

Mkataba wa pango

Halmashauri ya Wandsworth ilibaki na umiliki wa jumba. Mwaka 2007 ilipendekeza kuondoa ruzuku na kuanza kutoza kodi ya pango, na kituo kikakaribia kufungwa. Baada ya upinzani mkubwa wa wakazi na wasanii kilipatikana kinyume chake: mkataba wa pango wa miaka 125.

Hapo ndipo fedha za ujenzi zilipoanza kuwa na maana. Mfadhili wa ukarabati huuliza umebakiza miaka mingapi ndani ya jengo, na jibu la miaka mitano humaliza mazungumzo. Ila mkataba mrefu huja na mzigo wake, kwa kuwa mara nyingi mpangaji ndiye anayebeba matengenezo yote. Kabla ya kutia saini, hali ya jengo iandikwe chumba kwa chumba, ipigwe picha zenye tarehe, na maelezo hayo yaambatanishwe kwenye mkataba. Bila hivyo, ufa uliokuwepo miaka 40 utakuwa wako siku utakapokabidhi funguo.

Kujaribu kabla ya kujenga

Tangu mwaka 2000 Battersea walikuwa na utaratibu wanaouita Scratch. Msanii huonyesha kazi ambayo haijaiva, watazamaji humwambia walichokiona, naye huirudia akiibadilisha. Miaka michache baadaye, wakiwa na wasanifu wa Haworth Tompkins, waliuhamishia utaratibu huo kwenye jengo. Kati ya 2007 na 2008 kundi la maigizo la Punchdrunk lilifanya onyesho lililoenea karibu jumba zima, watazamaji wakitangatanga kutoka chumba hadi chumba. Milango iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa, na vyumba vilivyosahauliwa vikapata watu. Kazi za ujenzi zilizofuata zilikwenda kwa awamu, kituo kikiwa wazi.

Kwetu hili ndilo kubwa katika kisa chote, na linaweza kuigwa kwa fedha kidogo. Chukua chumba kimoja. Kiwekee umeme wa muda ulio salama, taa za kutosha na njia mbili za kutokea. Chora kwa chaki sakafuni mahali unapofikiria jukwaa, baa au ukuta mpya utakuwa, kisha kitumie kwa miezi mitatu kwa shughuli halisi: mazoezi ya kwaya, darasa la watoto, onyesho la picha. Mtu mmoja aandike kila siku mambo matatu tu: watu wameingilia mlango upi, foleni imejikusanya wapi, na shughuli ipi imelalamikiwa na chumba cha jirani. Baada ya miezi mitatu chaki ile itakuwa imefutwa na kuchorwa upya mara kadhaa, na kila mstari uliohama ni ukuta ambao hamkuujenga mahali pabaya.

Jaribio huharibika likigeuka kuwa hali ya kudumu. Nyaya za muda zinakaa mwaka, kisha miaka miwili, soketi za kuunganishia zinapandishana. Kwa hiyo kila jaribio lipewe tarehe ya kufa, na siku hiyo vifaa vyote vya muda viondolewe hata kama kesho yake kuna onyesho.

Watu wangapi, milango mingapi

Idadi ya watu ukumbini huamuliwa na milango kuliko viti. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 12, yaani mita za mraba 240. Jukwaa na mafundi wakichukua 60, zinabaki 180. Mwongozo wa usalama wa moto wa England hukadiria nusu mita ya mraba kwa mtu katika ukumbi wa mikutano, kwa hiyo sakafu inaruhusu watu 360.

Sasa milango. Mlango mpana zaidi ya milimita 1,050 huhesabiwa milimita 5 kwa kila mtu, hivyo mlango wa milimita 1,200 unatoa watu 240. Tuseme ukumbi una mitatu. Mwongozo unadai mmoja uhesabiwe kama umezibwa na moto, kwa sababu moto hauchagui pa kuanzia. Inabaki miwili, watu 480, na 360 wako salama. Lakini mtu akipanga ile minara ya viti mbele ya mlango wa nyuma, ukumbi una milango miwili. Ukiondoa ule uliozibwa na moto unabaki mmoja, nao ni wa watu 240. Tiketi 120 zimepotea kwa kukosa stoo, na zikiwa zimeshauzwa, watu 120 wameingizwa hatarini. Milango hiyo ifunguke kwa nje na iwe na komeo la kusukuma kwa mwili. Mnyororo na kufuli, hata kwa dakika za kusubiri mlinzi, havina nafasi hapo.

Mtu wa kiti cha magurudumu aingilie mlango uleule wa wote pale inapowezekana. Mwinuko wa 1 kwa 12 unakubalika kwa urefu usiozidi mita 2. Kwa mita 5 iwe 1 kwa 15, na kwa mita 10 iwe 1 kwa 20. Ngazi za mbele za majumba haya mara nyingi zina kimo kinachohitaji mita nyingi kuliko uwanja uliopo. Hapo lifti ndilo jibu, na kibanda chake kisipungue milimita 1,100 kwa 1,400.

Mwangwi

Kumbi za matofali, lipu na mbao zilijengwa kwa hotuba za sauti kubwa. Ukizileta tamthilia, maneno huyeyuka. Hesabu yake ni fupi: ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawa kwa sekunde za mwangwi (muda ambao sauti huchukua kufifia), unapata ukubwa wa eneo linalofyonza sauti. Ukumbi uleule ukiwa na urefu wa mita 8 una mita za ujazo 1,920. Mwangwi ukiwa sekunde 2.5, ufyonzaji uliopo ni mita za mraba 124. Kwa maneno tunataka takriban sekunde 1.2, sawa na 258. Upungufu ni 134.

Watazamaji 300 wenye nguo zao huleta karibu kiasi hicho wenyewe. Ndiyo maana ukumbi mtupu unawatisha watu, nao huagiza vifyonza sauti kwa wingi, kisha usiku wa onyesho unakuwa mkavu na kwaya inalalamika. Weka pazia nzito la mita za mraba 100 linalovutwa kwenye reli. Linafyonza takriban nusu ya eneo lake, na siku ya muziki unalikusanya pembeni.

Kelele kati ya vyumba ni jambo jingine kabisa. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya ukuta huufanya ukuta wote, hata uwe wa matofali mazito, usizuie zaidi ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Kabla ya kununua ukuta wa pili, tafuta pengo chini ya mlango na bomba la zamani la hewa linalounganisha vyumba.

Hewa yenyewe: lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, yaani mita za ujazo 3 kwa sekunde kwa watu 300. Ikipita taratibu, mita 2 kwa sekunde, isivume, inahitaji uwazi wa mita ya mraba 1.5 wa kuingilia na mwingine kama huo wa kutokea. Umeme: fezi tatu za ampea 63 kwa volti 400 ni takriban kilovolti-ampea 43, kipimo cha nguvu ya umeme kinachokaribiana na kilowati. Taa 20 za zamani za kilowati moja zilikuwa zinakula karibu nusu yake. Za LED za wati 250 zinakula kilowati 5. Saketi ya sauti itengwe na ya taa, la sivyo spika zitanguruma kila taa inapofifizwa.

13 Machi 2015

Ijumaa hiyo mchana Grand Hall ilishika moto na paa lake likaporomoka. Sehemu ya mbele ilinusurika, na siku iliyofuata maonyesho yaliendelea humo. Jumba lililobuniwa kama sehemu mbili liliweza kupoteza moja na kubaki na nyingine.

Kwa wengine wenye majumba ya namna hii, hatari kubwa imejificha kati ya dari na paa. Uwazi ule hupita juu ya vyumba vingi bila kizuizi, umejaa mbao kavu na vumbi la miaka 100, na moto ukiuingia hukimbia juu ya vichwa vya watu kabla hawajauona. Ugawanywe kwa kuta zisizoshika moto, na kila tundu la waya au bomba lililotobolewa kwenye kuta hizo lizibwe siku hiyohiyo. Fundi wa kesho ndiye anayetoboa tundu jipya na kuondoka, kwa hiyo mtu wa jengo apande na tochi baada ya kila kazi. Kazi yoyote ya kuchomelea au kuunguza itolewe kibali cha maandishi cha siku moja, na mtu abaki akiangalia angalau dakika 60 baada ya moto kuzimwa. Bima ikatwe kwa gharama ya kulijenga upya jumba, ambayo kwa jengo lenye marumaru na nakshi huzidi mbali bei ya soko.

Ukumbi uliorudi

Grand Hall ilifunguliwa tena Septemba 2018. Kurudisha dari la lipu kama lilivyokuwa kungewezekana. Wasanifu walichagua kutengeneza kimia cha plaiwudi kinachofuata mchoro wa nakshi za dari lililoungua. Kimia hicho kina matundu, kwa hiyo sauti hupanda kwenye nafasi iliyo juu yake, na mafundi wanaweza kuning'iniza taa kupitia sehemu mbalimbali za ukumbi.  Kuta zilizoungua hazikupakwa lipu mpya. Rangi zilizobabuka na alama za moto zimeachwa zionekane.

Kinanda kikubwa cha mabomba cha mwaka 1901, kilichotengenezwa na Robert Hope-Jones, kilikuwa sehemu ya ukumbi huo. Siku ya moto baadhi ya vipande vyake vilikuwa vimepelekwa kwa mafundi kutengenezwa, na hivyo vikasalimika.